Uzi wa kibodi za analogi: sumaku peke yake haitoshi, msilie kama mimi

Dereva wa Usiku (mleta uzi)

Wakuu heshima mbele. Huu uzi nimeuweka kiporo miezi miwili maana nilikuwa na hasira, na mtu akiandika na hasira anaishia kutukana. Sasa zimepoa.

Mimi ni mtu wa Euro Truck Simulator 2, sina kingine cha maana ninachocheza. Nikitoka kazini, nikishakula, nachukua lori langu Rotterdam naelekea nalo Poland, mke amelala zamani. Kibodi na mausi, miaka yote. Aliyewahi kuendesha hivyo anaijua adha yake: kitufe cha D hakina habari na "kidogo". Ukikigusa usukani unaondoka, ukikiachia unarudi. Kwenye kona ndefu ya barabara kuu inabidi udonoedonoe kama kuku, D, D, D, D, na huko nyuma trela linacheza mdundiko.

Nikasikia kuna kibodi za analogi. Kitufe kinajua kimeshuka kiasi gani: ukikibonyeza robo, usukani robo, ukikizamisha, usukani wote. Nikaenda duka moja mjini, nikamuuliza kijana, hii ni analogi? Akanijibu bila kupepesa: "Bosi, hii ni ya sumaku, ndiyo hiyo hiyo." Nikatoa laki na nusu.

Nimefika nyumbani nikafungua programu yake. Kuna sehemu ya kuchagua kitufe kiwake kikishuka milimita ngapi, kuanzia 0.1. Kuna Rapid Trigger, yaani kitufe kuhesabika kimeachiwa mara tu kinapoanza kupanda. Kuna taa za rangi zote za ukumbi wa harusi. Sehemu ya kuiambia kompyuta kwamba kitufe kimeshuka nusu, hakuna. Nimetafuta hadi saa nane usiku. Hakuna.

Ndipo nikaanza kusoma, kazi ambayo ningeifanya kabla ya kutoa hela. Ndani ya kila kitufe cha kibodi hizi kuna kasumaku, na chini yake kwenye bodi kuna sensa inayopima nguvu ya ile sumaku. Sumaku ikisogea karibu, sensa inaona. Kwa hiyo kibodi yenyewe inajua kila milimita. Shida ni inachosema. Ni kama mizani ya barabarani: karani anaona lori lina tani ngapi na kilo ngapi, halafu kwenye karatasi anaandika "limezidi" au "halijazidi", basi. Kompyuta inapokea ile karatasi tu. Kwa kawaida ya USB, kibodi haina namna ya kusema "nusu", inasema kitufe kimebonyezwa au kimeachiwa. Nusu ikitaka kupita, kwa kawaida kibodi inajitambulisha kwa kompyuta kama padi ya gemu, mfano ile ya Xbox, kisha A na D zinajifanya kile kijiti cha kushoto cha padi. Kibodi yangu hiyo kazi haiijui.

Baadaye binamu yangu anayeishi Uholanzi alikuja likizo akaniletea Wooting 60HE. Hii inafanya. Dola 175 kule, yaani laki nne na ushee, na yeye alinipunguzia kwa sababu namlelea kuku wake. Nitaeleza inavyoendesha, ila kwanza nataka kusikia wengine.

Kichwa Maji

Laki nne kwa kibodi isiyo hata na namba pembeni 😂 Mkuu, nusu ya hela hiyo unapata padi ya Xbox na chenji ya kiti moto. Padi ina vijiti, ina vifyatulio vya mafuta na breki, vyote analogi tangu enzi. Mnatafuta shida iliyokwisha tatuliwa.

Dereva wa Usiku

@Kichwa Maji hoja yako ni nzito na sitaikimbia. Kama unacheza magari tu, chukua padi, umemaliza. Mimi nina kidole gumba kilichowahi kuteguka na kijiti baada ya saa moja kinaniuma, halafu kwenye Euro Truck nina vitufe zaidi ya ishirini: taa, wiper, retarda (breki ya kusaidia mteremkoni), kioo, kamera. Padi inavimeza vipi vyote hivyo?

Binti Makorora

Jamani kwani hii ni mpya? Sisi tuliokulia kwenye banda la PS2 tuliishi nayo. Padi ya DualShock 2 ile ya 2000, vitufe vyake karibu vyote vilikuwa vinapima mkandamizo. Gran Turismo 3 ulikuwa ukiigusa X taratibu gari linatambaa, ukiikandamiza linaruka. Watu hawakujua, wakawa wanaikandamiza hadi kucha zinageuka nyeupe na banda zima linalalamika padi zinakufa. Kaka yangu ndiye aliyekuwa anaendesha banda letu Tanga, akawa anasema kabisa, "X siyo kengele ya baiskeli, iguse."

Halafu zikaja zile padi feki za bei ya mandazi. Umbo lile lile, mkandamizo hakuna. Kwa hiyo kisa chako na cha yule kijana wa dukani mimi nimekiona nikiwa darasa la sita.

Mzee wa Solda

Binti Makorora umenigusa, ngoja niongezee nyama maana hapa watu wanachanganya mambo mawili.

Ile padi ya PS2 ilikuwa inapima NGUVU. Chini ya kitufe kuna mpira wenye kaboni. Ukibonyeza kwa nguvu mpira unajibana, eneo linalogusa bodi linapanuka, umeme unapita kwa urahisi zaidi. Kitufe chenyewe hakisogei sana, kidole ndicho kinachosema. Mwaka 2009 watafiti wa Microsoft walitengeneza kibodi ya majaribio ya namna hiyo, ya utando kama hizi za ofisini, yenye kupima mkandamizo wa kila kitufe, wakawapa wanafunzi kwenye shindano la UIST, kongamano la watafiti wa namna za kutumia kompyuta, waibunie matumizi. Dukani haikufika.

Hizi za leo zinapima KINA. Kitufe kina safari ya milimita nne hivi, kibodi inasoma kipo wapi katika hizo nne. Ukishafika chini, ubonyeze kwa kidole au kwa tofali, namba ni ile ile. Kwa hiyo tukisema "kibodi ya kupima mkandamizo" tunasema kwa mazoea tu. Kinachogeuza nguvu yako kuwa kina ni springi. Springi laini, kidole kinazama mara moja na hiyo nusu unaipita bila kuiona. Springi ngumu kidogo, unapata pa kuegemea. Watu wanabishana kuhusu mamilimita, springi hakuna anayeitaja.

Na msidhani sumaku ndiyo njia pekee. Wooting ya kwanza, iliyochangiwa na watu mtandaoni kupitia Kickstarter mwaka 2016, ilikuwa inasoma kwa mwanga, siyo sumaku. Razer Huntsman V2 Analog ya 2021 nayo mwanga. Cooler Master walitoa MK850 mwaka 2019, analogi ilikuwa kwenye vitufe vinane tu, QWER na ASDF. Na upande wa pili, SteelSeries Apex Pro ya 2019 ilikuwa na sumaku, watu wakaipigia makofi, ila ilikuwa ni kuchagua kina cha kuwaka, analogi ya kupeleka kwenye gemu haikuwa nayo. Sumaku ni namna ya kupima. Analogi ni namna ya kuripoti. Edwin Hall aligundua ile tabia ya sumaku na umeme ambayo sensa hizi zinaitumia mwaka 1879, na kibodi zenye sensa za Hall zilikuwepo tangu miaka ya 1960 mwishoni, zikiwaka na kuzimika tu kama swichi ya taa. Hakuna aliyeziita analogi.

Kichwa Maji

Mzee wa Solda ukianza huwa humalizi, ila leo nimeelewa.

Nahodha wa Kibokoni

Mimi niko Mombasa, yangu ni ya mwanga, nimeipata ya mkono wa pili kwa jamaa aliyekuwa anahama. Nacheza Forza Horizon 5 na GTA V. Nataka niwaambie jambo ambalo hamjalitaja, na lilinitoa jasho.

Kibodi ikijifanya padi, gemu linaona vifaa viwili, padi na mausi. Gemu nyingine hazitaki wake wenza. Ukigusa W gemu linasema ah, ni mtu wa padi huyu, linabadilisha alama zote kwenye skrini kuwa A B X Y. Ukisogeza mausi linasema la, ni mtu wa kibodi, linarudisha. Nikiendesha gari na kugeuza kamera kwa mausi, alama zapepesa kama taa za disko. GTA ndivyo ilivyonifanya. Kwenye Forza sikusumbuka maana mausi siigusi nikiwa mbioni.

Lakini yakhe, kutembea! GTA kwa kibodi ya kawaida unakwenda kwa mwendo uliopangiwa. Sasa nikimfuata mtu mtaani namfuata kwa mwendo wake, polepole, W nimeikalia juu juu. Kwa hilo tu nilisamehe ile disko.

Dereva wa Usiku

@Nahodha hiyo ya kupepesa ni kweli na haina dawa upande wa kibodi, ni gemu lilivyoandikwa. Kabla hujanunua, ulizia gemu LAKO, usiulizie kibodi.

Sasa mipangilio yangu niliyoahidi. Siku ya kwanza niliunganisha A na D kwenye kijiti cha kushoto, W kifyatulio cha kulia (mafuta), S cha kushoto (breki). Nikawasha lori. Likaenda lenyewe kushoto, taratibu, kama mlevi anayejaribu kuonekana mzima. Kumbe kidole changu cha pete kinapumzika juu ya A. Kwa kibodi ya zamani uzito wa kidole haukuwa kitu. Hii inauhesabu.

Nikakata milimita 0.4 za mwanzo, zisihesabike. Lori likanyooka.

Halafu nikakuta tatizo la pili: nusu ya kwanza ya safari ilikuwa inageuza usukani mno. Hapa kuna kile kimstari cha kupinda kwenye programu, kinachopanga kina gani kitoe usukani kiasi gani. Ukikiacha kimenyooka, milimita mbili ni nusu usukani, na milimita mbili ni kitu kidogo sana kwa kidole, ukilinganisha na safari ya kijiti cha padi. Nikakivuta kishuke katikati ili milimita mbili zinipe robo tu, na kile kipande cha mwisho ndicho kiongeze usukani haraka. Na ndani ya Euro Truck kwenyewe kuna unyeti wa usukani na kupindika kwake, hivyo nimevishusha nisije nikapinda mara mbili. Ilinichukua jioni tatu.

Jioni ya nne nikapakia mzigo wa matrekta, mvua inanyesha, nikaingia ile kona ya kutoka barabara kuu inayojiviringa kama konokono. Nikakishusha D mpaka nilipohisi springi imenishika, nikakiacha pale pale. Sikudonoa. Kona nzima kidole kimetulia, trela linanifuata kama mbuzi aliyeshiba. Nilipunguza mafuta kwa kuinua kidole cha W kidogo tu, bila kuachia. Nimeendesha gemu hili tangu miaka hiyo na sikuwahi kutoka kwenye kona namna ile.

Kero moja: ukizima vitufe hivyo visitume herufi (inabidi, la sivyo gemu linapokea W ya kibodi na W ya padi kwa pamoja), usisahau kurudisha. Rafiki yangu kaniandikia pole na uchovu wa safari, nikamjibu "asante sana" ikatoka "nte n". Akanipigia simu kuuliza kama nimepata kiharusi.

Binti Makorora

nte n 😂😂😂 nimeibeba hiyo

Chaka la Risasi

Mnaongelea malori, sisi wa gemu za risasi, Valorant na CS2, je? Analogi inanisaidia nini?

Mzee wa Solda

Haikusaidii. Valorant ya kompyuta haipokei padi kabisa, kwa hiyo nusu yako haina pa kupita. Wewe unachokitafuta ni Rapid Trigger: kitufe kinahesabika kimeachiwa papo hapo kinapoanza kupanda, hakingoji kufika mstari fulani. Ukiwa unakimbia kulia unataka kusimama upige, hiyo ndiyo inayokupa. Na hiyo ile kibodi ya laki na nusu ya Dereva inayo. Hakuibiwa moja kwa moja, aliuziwa kiatu cha mpira akacheze kikapu.

Ila usiichanganye na ule mchezo wa kitufe cha mwisho kushinda, Razer waliuita Snap Tap mwaka 2024, A na D zikishikwa pamoja inahesabika ya mwisho. Valve, wenye CS2, waliupiga marufuku kwenye seva zao Agosti mwaka huo huo, ukiutumia unatolewa kwenye mechi. Rapid Trigger haikuguswa.

Chaka la Risasi

Kwa hiyo Dereva niuzie hiyo ya laki na nusu, nakupa themanini.

Dereva wa Usiku

Njoo inboksi na laki. Taa za harusi ni bure.

Mtu wa Maskati

Salaam kutoka Muscat. Na mimi nina sumaku, na nina kisa, wenye simu za kisasa mkisikilize.

Kwa wiki nzima gari langu kwenye Assetto Corsa likawa na tabia ya kuvuta kulia. Nikarekebisha kina, nikarekebisha upya vipimo vya vitufe vyote, nikaweka upya programu, nikamlaumu mtengenezaji mpaka akachoka kusikia jina lake. Likitulia leo, kesho linavuta. Mwanangu wa miaka tisa akaja akaniuliza, "Baba, mbona likivuta simu yako huwa ipo hapo?"

Kava la simu yangu lina duara la sumaku nyuma, la kuibandikia kwenye gari. Nilikuwa naiegemeza kwenye ukingo wa kibodi, upande wa D. Sensa masikini inapima sumaku, haijui ya kitufe ni ipi na ya simu ni ipi. Nimeisogeza simu, gari limenyooka. Mtengenezaji nimemwomba radhi kimoyomoyo.

Kichwa Maji

Bora ya kwako imekwisha kwa mtoto. Ingekuwa kwetu tungeshamwita mganga.

Mgeni Njooni

Wakuu nipo Mwanza, kuna duka limeleta tatu za sumaku, makaratasi yote yameandikwa Kichina. Kesho naenda. Nitajuaje ipi ni analogi kweli? Muuzaji anasema zote.

Mzee wa Solda

Nenda na laptopu yako. Chomeka kibodi, kama ina programu yake au ukurasa wake wa mipangilio fungua, tafuta pa kuunganisha kitufe na kijiti cha padi. Pasipokuwepo, simama, rudisha. Pakiwepo, unganisha A na D.

Kisha kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows na R, andika joy.cpl. Linafunguka dirisha la kale la orodha ya vidhibiti vya gemu. Orodha ikiwa tupu, hapo hakuna padi, hakuna analogi, hadithi imeisha. Ikitokea padi, ingia kwenye sifa zake utaona kiboksi chenye alama ya msalaba katikati. Shusha D taratibu kabisa kama unambonyeza mtoto aliyelala. Msalaba ukitambaa na kidole, hiyo ndiyo. Ukikaa kimya kisha ukaruka hadi ukutani, umeuziwa swichi ya taa.

Jambo moja usitishike nalo: ukiunganisha na mafuta na breki, kwenye dirisha hilo vinashiriki mstari mmoja, ukivibonyeza vyote viwili vinafutana. Ni dirisha tu ndivyo lilivyo, kwenye gemu vitasomeka kila kimoja kivyake.

Dereva wa Usiku

Na usimwachie muuzaji akubonyezee. Bonyeza mwenyewe.

Mgeni Njooni

Mrejesho. Nimetoka dukani sasa hivi.

Ya kwanza: hakuna pa kuunganisha. Muuzaji akasema "subiri nikuwekee draiva", nikamwambia asante.

Ya pili: pa kuunganisha papo, orodha ina padi, nimeshusha D, msalaba umelala, umelala, paap, ukutani. Nimerudia mara tano. Muuzaji ananiangalia kama nimekuja kuiba taa.

Ya tatu, ile yenye boksi lililobonyea, ambayo alikuwa anaiuza rahisi kuliko zote. Nimeshusha D. Msalaba ukaanza kutambaa. Nimeinua kidole, ukarudi kwa mwendo ule ule. Nimeusimamisha katikati, ukasimama.

Kosa langu nilishangilia kwa sauti. Kijana akaja akachungulia skrini, akaniuliza hiyo ina maana gani, na mimi mjinga nikamweleza vizuri kabisa. Imepanda elfu arobaini hapo hapo. Tunavutana hadi sasa, nimetoka nje kujifanya napokea simu.